Waliomla Jonquille

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Bertille Decroocq alifungua mlango wa zizi la manispaa ya Ostrebecque akakuta watu saba wamesimama nje. Mmoja alikuwa na ndara za chumbani, mwingine amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na wote walikuwa wameuegemeza mwili kwenye mguu mmoja na kuulegeza wa pili, kama wanavyosimama farasi wanaosubiri kufungwa kwenye gari. Bertille aliwaamkia mmoja mmoja, maana wote aliwajua, kisha akaendelea kumvisha Tambour kola yake.

Taka za Ostrebecque huzolewa na farasi. Jambo hilo lilianza miaka tisa nyuma, bei ya dizeli ilipopanda na meya wa wakati huo akatamani mji wake uandikwe magazetini. Walinunuliwa wawili, weupe, wa mbegu ya Boulonnais, farasi wa kukokota mizigo, wenye vifua vipana kama kabati la nguo: jike aliyeitwa Jonquille, na dume aliyehasiwa, Tambour. Bertille akawa mwendeshaji wao. Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, Jonquille alistaafishwa kwa sababu ya kwato mbovu, akauzwa kwa dalali aliyesema ana malisho huko Normandie yenye mito miwili. Bertille alimwamini hasa kwa sababu ya ile mito. Mtu anayetunga, alidhani, angesema mto mmoja.

Gari lilipotoka, wale saba wakatangulia mbele yake. Walipinda kulia penye duka la dawa, wakashika barabara ya kanisa, na mbele ya kila nyumba wakasimama kwa muda ule ule unaotosha kuinua pipa, kulimimina na kulirudisha. Halafu wakaondoka tena, bila mtu kuwaambia twendeni. Penye kona ya duka la jibini kuna mfuniko wa chuma wa mfereji, na pale Jonquille alikuwa na tabia ya kukanyaga mara mbili kwa mguu wa kushoto wa mbele, kila Jumanne, miaka tisa, hakuna aliyejua kwa nini. Watu saba walifika penye mfuniko wakakanyaga mara mbili kwa mguu wa kushoto. Yule mwenye ndara alifanya kama wenzake.

Hapo Bertille akajua Jonquille yuko wapi.

Alimaliza mzunguko, kwa sababu mapipa yalikuwa yamejaa na watu walikuwa wameyatoa. Alimfungua Tambour, akamfuta jasho, akamwekea maji. Ndipo alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, kwa sauti kubwa, bila kujali nani anasikia. Wale saba walikuwa wamesharudi makwao kunywa kahawa.

Bucha la Anicet Pruvost lina kichwa cha farasi juu ya mlango, cha mbao, kilichopakwa rangi ya dhahabu tangu enzi za babu yake. Halikuuza nyama nyingine hata siku moja. Bertille aliingia na viatu vyake vya kazini.

"Aa, Bertille! Miaka tisa hujakanyaga hapa," Anicet akasema.

"Ulimleta Jonquille hapa?"

Anicet alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. "Mimi sichinji, dada. Naletewa. Lakini ndiyo, ni yeye. Nilimtambua kwa lile baka la puani, walisahau kumtoa kichwa. Sikutaka nikwambie barabarani mbele za watu."

"Dalali alisema Normandie."

"Dalali! Wewe binti wa mfugaji, umezaliwa zizini, halafu unamwamini dalali?"

"Na karatasi zake?"

"Safi kabisa. Zingekuwa na doa hata moja, ningemrudisha. Ule ukurasa wa saini ulikuwa mweupe pe." Kisha, kwa mazoea ya kazi, akauliza, "Nikupimie nusu kilo?" Uso ukamwiva papo hapo. "Samahani. Mdomo huu umezoea. Samahani sana, Bertille."

Alikuwa mtu mwema, Anicet, na hilo ndilo lililomuudhi Bertille kuliko yote.

Kila farasi wa nchi ile ana pasipoti, na ndani ya pasipoti mna ukurasa mmoja ambapo mwenye farasi, akipenda, anatia saini kwamba huyu hataliwa na binadamu kamwe. Saini hiyo ikishawekwa haifutiki. Hata waziri hawezi kuifuta. Pasipoti za Jonquille na Tambour zilipofika, meya wa wakati ule alimsukumia Bertille akisema, "Jaza panapojazwa, mimi nitagonga muhuri." Bertille akajaza: rangi, urefu, mahali manyoya yanapojizungusha, namba ya kifaa cha shingoni. Alipofika kwenye ukurasa ule mkono wake ukaufunua na kupita.

Kwao ukurasa ule haukuguswa. Baba yake, aliyefuga farasi weupe maisha yake yote, alikuwa akisema trekta liliwanyang'anya wanyama hawa jembe, reli ikawanyang'anya mizigo ya samaki, na kitu pekee kilichobaki kuwashikilia duniani ni sahani. Atakayetia saini pale amefunga zizi kwa mkono wake. Wafugaji wote wa ukanda ule huukwepa ukurasa huo kama mtu anavyokwepa kukanyaga kaburi. Bertille hakuwa amefikiria kuchinja wala kutochinja. Alikuwa amefanya walivyofanya kwao, na sasa, njiani akirudi zizini, aliutazama mkono wake wa kulia akatamani kuupiga.

Kufikia mwisho wa wiki walikuwa watu mia na arobaini. Jonquille alikuwa mkubwa, na nyama yake ilikuwa imefika mbali: steki, soseji, ile ya kusaga inayoliwa mbichi na yai. Waliomla hawakutulia. Walisikiliza. Mlango ukifunguliwa mahali, vichwa vyao viligeuka upande huo, na kwa wachache ambao masikio yao yaliweza kusogea, yalisogea. Hawakuweza kukaa vitini, magoti yaliwawasha. Walilala wima, wakiegemea kabati au ukuta. Lori la kubeba mifugo lilipopita uwanjani, mwalimu wa hesabu aliacha darasa akatoka jasho shingo nzima, akasimama kwenye ujia akitetemeka hadi lilipokwisha kupita. Daktari aliwaandikia kutembea. Walikuwa wanatembea tayari.

Jumanne ya pili walitembea na gari. Mwalimu wa hesabu aliingia mwenyewe kati ya miti miwili ya gari, wengine wakashika mikanda, wakalivuta bila shida. Tambour alifuata nyuma akiwa hana kitu shingoni, akiwatazama migongo. Bertille aliendesha. Aliona hana la kuwaambia isipokuwa yale aliyozoea kusema, "Haya, polepole hapo," na walikwenda polepole hapo.

Chini ya chumba cha Bertille aliishi mjane, Léocadie Fauquet, mwenye miaka themanini na mbili. Jioni hiyo Bertille alimkuta amesimama jikoni akimenya viazi, mguu mmoja ameulegeza.

"Njoo, mwanangu. Kaa wewe, mimi siwezi," Léocadie akasema. "Kuna jambo nasita kukwambia."

"Sema tu, mama."

"Alikuwa anakutafuta." Léocadie alitupa kiazi kwenye sufuria. "Siyo kwa hofu, mwanzoni. Kila mlango ukifunguka, masikio yanakwenda huko. Palikuwa na sakafu ya saruji, imemwagiwa maji, na wenzake mbele yake wakienda mmoja mmoja, harufu imebadilika. Na yeye anasema moyoni, atakuja sasa hivi, amechelewa tu, kama alivyochelewa ile siku ya barafu. Mpaka mwisho kabisa alidhani umechelewa."

"Umejuaje hayo?"

"Nilimla, Bertille. Alhamisi, na chipsi."

Bertille aliinuka, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Walimenya viazi vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Kesho yake akaenda kwa meya, Régis Vanpouille, na pasipoti ya Tambour ndani ya mfuko wa plastiki. Meya alikuwa amesimama dirishani. Ofisi haikuwa na kiti.

"Karibu, Bi Bertille. Samahani kwa kiti, nimekitoa. Nikikiona tu napandwa na hasira."

"Mheshimiwa, ni saini moja tu. Ukurasa huu hapa. Wewe ndiye mwenye farasi, kisheria."

Régis alichukua kalamu. Hakuwa mtu mgumu, na kwa siku kumi alikuwa anatamani mtu amwambie la kufanya. Kalamu ilishagusa karatasi, ikaacha nukta ndogo ya wino, wakati lori lilipobadilisha gia huko nje. Meya aligeuza kichwa. Mishipa ya shingo ilimtoka, akapiga hatua mbili nyuma hadi mgongo ukagonga kabati la mafaili, akabaki hapo akihema kwa pua. Lori likapita. Alijifuta kwa leso, na kalamu akairudisha kwenye kikombe chake.

"Unaona ninavyoishi? Mke wangu ananifunika blanketi nikiwa wima kama nguzo."

"Basi saini, Mheshimiwa. Yasitokee tena."

"Ni rahisi kusema. Nikisaini, farasi huyu hana mnunuzi tena hadi kufa kwake. Na mimi sina kazi ya kumpa. Watu wanavuta gari wenyewe, Bertille. Wanalivuta bure! Kwaya nzima ya kanisa iko kwenye mikanda." Alisema hivyo kwa aibu, lakini kwa fahari kidogo pia. "Nitalipeleka barazani. Njoo useme."

Wajumbe wa baraza walikutana siku ya Ijumaa, kumi na moja kati ya kumi na watano wakiwa wima. Ilisomwa barua ya wafugaji, yenye adabu na masikitiko, kwamba manispaa zikianza kutia saini kurasa hizo farasi mweupe ataonekana kwenye noti za ukumbusho tu. Bertille aliisikiliza ikisomwa, na kila sentensi aliijua, kwa sauti ya baba yake. Kisha mjumbe mmoja, mwenye duka la rangi, akasema kwa kufikiri sana:

"Mnaonaje, jamani, tatizo si nyama. Tatizo ni kwamba yule jike alikuwa na wasiwasi. Sasa huyu Tambour ni mpole, hata fataki hazimshtui. Tukimla Tambour, tutatulia."

Wengi waliona ni wazo la maana. Kuna aliyesema ndiyo maana watu huchukua dawa ya kikohozi juu ya kikohozi, na hakuna aliyemwelewa, lakini walitikisa vichwa. Bertille alisimama.

"Mwacheni," akasema. "Nimefanya naye kazi miaka tisa. Hajawahi kugoma, hajawahi kuomba likizo, na nyinyi mnaogoma kila masika mnajua maana yake. Mwacheni azeeke kama sisi tunavyozeeka, kwa fujo na kwa kulalamika. Hiyo tu."

"Kwani wewe mwenyewe hujawahi kula farasi?" mwenye duka la rangi akauliza.

"Nimekula kila Jumapili, miaka kumi na tisa, na nilikuwa naomba kuongezewa. Ndiyo maana nawaambia mimi. Angekuja mgeni kuwaambia, mngemcheka."

Hawakumcheka. Mikono kumi na mitatu ilipanda kukubali Tambour aliwe. Waliopinga walikuwa wawili, na mmoja wao alipinga kila kitu tangu achaguliwe.

Bertille hakuwa mtu wa kukubali haraka. Jioni ile ile alitia saini ukurasa mwenyewe, jina lake kamili, akaupeleka posta. Ulirudi baada ya siku sita na barua fupi kwamba saini si ya mwenye mali, ukurasa umebatilishwa na mwingine, mtupu, umeambatanishwa. Akaomba amnunue Tambour, akaambiwa mfanyakazi wa manispaa haruhusiwi kununua mali ya manispaa. Léocadie akapeleka ombi kwa jina lake, kwa akiba yake ya mazishi, akisema wafu hawana haja ya maua. Anicet, ambaye hakujua ombi hilo ni la nani, alitoa zaidi. Alipojua alikuja kuomba radhi tena, na Bertille alimfungia mlango usoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Aliwachukia wote kwa siku nne. Aliwaendesha Jumanne bila kuwasemesha neno, na wao, walipofika mwisho, walisimama wakisubiri ile "haya, vizuri" yake, wakabaki wamesimama nusu saa nzima.

Siku ya tano, kukiwa kumeshapambazuka, lori lilirudi nyuma hadi mlango wa zizi. Tambour alinusa ubao wa kupandia lori, akamtazama Bertille. Dereva alinyoosha mkono apewe kamba.

"Napanda naye," Bertille akasema.

"Huku nyuma hapapandwi na mtu, mama. Bima hairuhusu."

"Bima imeruhusu mambo mengi. Sogea."

Akapanda. Safari ilikuwa ya kilomita kumi na moja, na Tambour alisimama muda wote na kidevu chake juu ya bega la Bertille, akipumua ndani ya kola ya koti. Machinjioni mtu wa mlangoni alianza kusema kwamba haruhusiwi kuingia. Halafu akamtazama vizuri. Yeye pia alikuwa amemla Jonquille, alikuwa amesimama pale mlangoni tangu usiku wa Alhamisi alipomla, hawezi kuingia wala kutoka bila kutetemeka. Alimpa Bertille koti jeupe na kofia ya wavu.

"Wewe ndiye yule aliyechelewa," akasema.

"Ni mimi."

Sakafu ilikuwa ya saruji, imemwagiwa maji, kama alivyoambiwa. Bertille aliingiza mkono chini ya manyoya ya shingo, mahali penye joto, akaanza kumwambia Tambour mzunguko. Duka la dawa, kulia. Barabara ya kanisa, namba mbili, namba nne, namba sita ile yenye mapipa mawili. Hakupandisha sauti wala kuishusha. Tambour aligeuza sikio moja kwake na kuliacha hapo, kama alivyofanya kila Jumanne, na walipokuwa wakisogea hatua moja mbele alisogea bila kuvutwa, kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda, unasogea, unasimama, unasogea. Walikuwa wamefika namba kumi na nane, kwa fundi saa, mlio ulipotoka, na lile joto likaanguka kutoka mkononi mwake.

Alirudi mjini kwa miguu. Hakuna aliyekuwa amefikiria atarudije.

Alhamisi foleni ya Anicet ilizunguka hadi kona. Ijumaa asubuhi mji mzima ulikuwa umekaa. Watu walikaa vitini, kwenye ngazi, kwenye kingo za maua ya manispaa, wakinyoosha miguu na kuguna kwa raha. Walilala usingizi wa kulala chini. Lori lilipita uwanjani na mwalimu wa hesabu hakuinua macho. Jumanne walikuja zizini mia mbili na kumi, wametulia, wanapumua kwa mpangilio, wakavuta gari kwa adabu hata mapipa hayakugongana. Bertille alitembea kando yao. Kila alipofungua mdomo, mia mbili na kumi waligeuza uso upande wake kidogo, wakaendelea.

Léocadie alimsubiri kwenye ngazi, amekaa.

"Nilikula," akasema. "Nisamehe. Nilitaka kujua kwa niaba yako."

"Ilikuwaje?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Alikuwa kazini."

Bertille aliegemea ukuta. Alijisikia nafuu, nafuu kubwa ya mwili mzima, na nyuma ya nafuu hiyo likaja jambo jingine ambalo hakulitaka.

Lilikuja kwa miguu. Kwanza Anicet, na kofia mkononi, akasema tangu babu yake hawajawahi kuuza nyama laini namna ile, haikuwa na hofu hata chembe, kisu kinapita chenyewe. Watu wa miji ya jirani wanapiga simu. Kisha meya, na karatasi. Baraza lilikuwa limeamua kwa kauli moja, hata yule wa kupinga kila kitu hakupinga, kwamba kuanzia sasa farasi watakaoliwa Ostrebecque wasindikizwe. Kazi ilikuwa imeshapewa jina na koti lenye nembo.

"Ni wewe uliyetuonyesha," Régis akasema, kwa machozi halisi. "Tulikuwa wakatili, hatukujua. Sasa inafanyika kwa heshima."

"Mimi nilitaka isifanyike kabisa."

"Najua, Bi Bertille. Na tumelizingatia."

Alikataa. Alikataa kwa maneno ambayo Léocadie, huko chini, aliyasikia yote na kuyafurahia. Basi Jumatano ikafuata, lori likaenda bila yeye, likiwa na farasi mmoja mdogo wa kahawia aliyeletwa kutoka Poland kwa safari ya siku mbili, na Alhamisi foleni ikazunguka hadi kona.

Jumamosi viti vilikuwa vimetolewa tena nje. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Jonquille alikuwa na mtu wa kumtafuta, na waliomla walijua kutazama upande wa mlango. Hawa hawakuwa na upande. Walitoka barabarani wakienda huku na huku, wakimsimamisha kila wanayekutana naye na kumtazama usoni kwa karibu, kwa muda mrefu, kisha kumwacha na kwenda kwa mwingine. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya benki, watu walitazamana hivyo, bila neno. Meya alipanda ngazi za Bertille akamtazama macho, paji la uso, mdomo, akatafuta, akakosa, akashuka. Bertille alizima luninga ili asikie wanavyopita huko chini. Walikwenda na kurudi kwa viatu vizito, na alijikuta naye anatembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Léocadie hakuwa amekula safari hii. Alikuwa ameulizia kwa waliomla yule farasi.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Bertille akauliza.

"Mitatu, wanasema. Hakuelewa hata lugha. Alikuwa anatazama kila uso aone kama kuna anayemjua."

"Usiniambie tena."

"Sikwambii. Wameleta wengine watano, wako uwanja wa mpira." Léocadie alimshika kiwiko. "Ukienda, hawataacha kamwe. Unalijua hilo? Utakuwa umewapa usingizi."

"Najua."

"Na usipokwenda?"

Bertille aliinama kuchukua kiatu cha pili. Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Jumatano lori lilikuwa uwanjani injini ikiwaka, na ndani yake farasi wa mbele alikuwa jike kijana wa rangi ya majivu, mbavu zikipanda na kushuka, macho yameonyesha weupe wote. Bertille alimuuliza dereva jina lake. Dereva akasema hana, ana namba. Alipanda, akapenya hadi kwenye kichwa cha yule jike, akaingiza mkono chini ya manyoya ya shingo na kuanza kumwambia mambo ya kawaida, kwamba kumepoa leo, kwamba mvua ya jana imekatika. Kwa muda jike alibaki amekakamaa. Kisha akapumua mara moja, pumzi ndefu, akaegemea. Na Bertille, ambaye mgongo ulikuwa umeanza kumuuma siku hizo, akaupokea uzito wote.